Stelingi inalia au imekuwa nzito? Usinunue pampu bado

Asubuhi ya Julai, Nairobi, baridi haijaachia. Unawasha Subaru Impreza, unakata usukani utoke kwenye maegesho, na chini ya boneti kunatoka mguno kama wa ng'ombe aliyetenganishwa na ndama. Ukikanyaga mafuta, mlio unapanda pamoja na injini. Dakika kumi baadaye, gari likishapata moto, umepungua au umekwisha kabisa. Unampigia fundi, naye kabla hajagusa chochote anakupa hukumu: "Hiyo ni pampu, bosi. Leta hela tutafute ex-Japan." Yaani pampu iliyokwisha kutumika Japani.

Mimi nilileta hela. Mara mbili. WRX yangu, Impreza ya turbo yenye kodi ya bodi GDA, ilifungwa pampu mbili ndani ya mwaka mmoja, na zote zikaanza kulia baada ya wiki chache. Mwishowe fundi mwingine, mzee asiye na maneno mengi, alichomoa kipete cha mpira kilichokauka kama ganda la kunde, akakiweka kiganjani mwangu, akaniambia pampu ya kwanza haikuwa na kosa. Ndiyo maana hapa naanza na dalili, na duka la spea linakuja baadaye sana.

Ninazungumzia Subaru za injini ya EJ zenye stelingi ya haidroliki, yaani inayosaidiwa na presha ya oili: Impreza za GC8, GDA na GDB, Forester za SF5 na SG5, Legacy ya BP5. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo GDB ya 2005 unayoiona leo iliingia nchini kabla ya 2013 kwisha, na mipira yake mingi ni ile iliyotoka nayo kiwandani Japani. Mwenye Evo ya Mitsubishi, Silvia ya Nissan au gari jingine la mbio lenye pampu ya mkanda ataona mengi yanafanana. Mwenye Impreza ya GP au GJ asijisumbue: stelingi yake inaendeshwa na mota ya umeme, haina pampu wala oili.

Anza na oili

Injini ikiwa imezimwa, fungua chupa ya oili ya stelingi. Pampu yenyewe utaiona juu mbele ya injini, upande wa dereva kwa magari yetu ya usukani wa kulia. Jirani yake ni oltaneta inayochaji betri, na wawili hao wanazungushwa na mkanda mmoja. Likumbuke hilo, litakuja kukufaa.

Dondosha oili kwenye tishu nyeupe uisome. Nyekundu inayopitisha mwanga iko sawa. Ya kahawia yenye harufu ya kuungua imechoka, nayo pekee inaweza kuleta mlio na uzito. Nyeusi tititi mara nyingi ni hozi zinazomong'onyoka kwa ndani. Ukiona inametameta kama unga wa fedha, hapo pampu inajila yenyewe, na kwa mara ya kwanza nitakubaliana na fundi wako. Lakini ikiwa ya pinki, imejaa viputo vidogo kama maziwa yaliyopigwa kwa mchapo, umekuta hewa, na hewa ndiyo inayozisingizia pampu nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Kiwango nacho kina maana. Oili haitumiki kama petroli. Ikiwa imepungua, imekwenda mahali: kagua viungo vya hozi ya presha, sili ya mbele ya pampu nyuma ya puli (gurudumu la mkanda), na mipira ya raki, ile sehemu inayosukuma magurudumu ya mbele unapokata usukani, iliyokunjamana kama kodiani kila upande. Bonyeza mipira hiyo kwa mkono. Ukisikia majimaji ndani, sili za raki zimekwisha, na pampu mpya itakachofanya ni kuisukuma hiyo oili nje kwa nguvu zaidi.

Mguno unaopanda na injini, na povu kwenye chupa

Ndani ya pampu kuna rota yenye mapanga madogo yanayoteleza kuingia na kutoka kwenye mifereji yake, ikizunguka ndani ya pete ya umbo la yai. Pete inapopanuka, oili inavutwa. Inapobana, oili inasukumwa kwenda kwenye raki. Oili haibanwi ikapungua. Hewa inabanwa. Kiputo kinachoingia upande wa kuvuta kinapondwa kikifika upande wa presha, na maelfu ya viputo vikipondwa kwa mfululizo ndio mguno unaousikia. Kukiendelea miezi, mapanga na pete huanza kuchimbika. Kwa hiyo hewa ikiachwa huleta ugonjwa ambao pampu ilisingiziwa tangu mwanzo.

Mafundi wengi hupita hapa bila kuona kitu, na sababu yake ni hii: upande wa kuvuta hauvuji. Bomba linalotoka kwenye chupa kuja kwenye pampu lina presha iliyo chini ya hewa ya nje injini inapozunguka. Tundu likiwepo hapo, oili haitoki, hewa ndiyo inayoingia. Fundi anapapasa, anakuta pakavu, anasema hapa hakuna shida. Ukavu huo haumaanishi chochote.

Kwenye EJ, mshukiwa wa kwanza ni oringi, kile kipete cha mpira, iliyokaa pale kiwiko cha bomba la kuvuta kinapoingia kwenye mwili wa pampu. Mpira ukizeeka husinyaa na kuwa mgumu. Asubuhi ya baridi unasinyaa zaidi, na oili nayo ni nzito kuvutwa, basi hewa inapata njia. Injini ikipata moto mpira unavimba kidogo, njia inaziba, mlio unaondoka, nawe unajidanganya kwamba gari limejitibu. Ukiwa na dalili hiyo ya kulia baridi na kunyamaza moto, anza hapa bila kumuuliza mtu.

Kabla ya kufungua, hakikisha. Injini ikiwa inazunguka taratibu, paka grisi au mwagia oili safi ya stelingi kuzunguka kiungo hicho. Mlio ukibadilika au ukapungua kwa sekunde kadhaa, umemkamata. Fanya vilevile kwenye klipu za hozi ya kuvuta kutoka kwenye chupa, maana klipu za zamani hulegea na mdomo wa hozi hupasuka. Weka mikono na nguo mbali na mkanda. Feni za rejeta nazo huwaka bila kuomba ruhusa.

Kuibadilisha ni kazi ya nusu saa kwa asiye na haraka. Punguza oili kwenye chupa kwa bomba la sindano, fungua bolti za kiwiko, kivute, toa oringi ya zamani kwa kijiti na si kwa bisibisi kali inayokwaruza alumini. Safisha mfereji wake mpaka ung'ae, paka oili kwenye oringi mpya, rudisha. Iagize kwa namba ya chasisi. Usikubali ya kukadiria kutoka kwenye boksi la oringi mchanganyiko: ikizidi wembamba kidogo tu, utarudi ulikotoka. Kwa kuwa umeshafungua, badilisha na klipu za hozi.

Tazama pia chini ya chupa. Ndani yake kuna chujio la wavu. Likiziba kwa uchafu, pampu inavuta kama mtu anayekunywa uji mzito kwa mrija, na hulia vilevile ingawa hewa haiingii popote. Chupa isiyosafishika ibadilishe. Hata ikiwa ghali kidogo, bado ni nafuu kuliko pampu.

Milio mingine

Kelele kali ya kukwaruza masikio, inayotokea ghafla ukikata usukani mpaka mwisho au unapowasha tu, ni mkanda unaoteleza. Umelegea, umezeeka au umelowa oili. Mkanda uliolowa oili haukaushwi, unatupwa.

Mvumo mkavu usiobadilika hata ukikata usukani, unaofuata mwendo wa injini tu, unanuka beringi. Hapa ndipo ule ujirani na oltaneta unapoleta fitina: beringi mbovu ya oltaneta imewahi kuuza pampu nyingi za stelingi. Ondoa mkanda huo, washa injini kwa dakika moja usikilize. Pampu ya maji ya EJ inazungushwa na mkanda wa taiming, kwa hiyo injini haitachemka kwa dakika hiyo. Kwenye gari ambalo mkanda wa nje ndio unaozungusha pampu ya maji, fupisha zaidi. Mlio ukiondoka, zima, zungusha kwa mkono puli ya pampu, kisha ya oltaneta, kisha ya kukaza mkanda. Inayokwaruza au kucheza kando ndiyo mgonjwa.

Na mlio wa kufoka unapofikisha usukani mwisho kabisa ukaushikilia? Huo ni valvu ya usalama ikifunguka, kazi yake hiyo. Acha kuushikilia, zaidi ya sekunde 5 unachemsha oili bure.

Usukani mzito

Hapa lazima kwanza tuseme ukweli kuhusu magari yetu. Tangu Colin McRae ashinde Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns mwaka 2000, kila mwenye gari hili ana rali yake ndogo kichwani. Anafunga rimu pana, tairi laini zinazong'ang'ania lami, spesa, anashusha gari, halafu anashangaa usukani umekuwa mzito. Kabla ya kulaumu haidroliki, pima upepo wa tairi za mbele na uulize alaimenti ilifanywa lini. Tairi pana yenye upepo pungufu inaweza kuishinda pampu nzima kabisa.

Ukishaliondoa hilo, uzito unazungumza kwa namna zake. Ukiwa mzito pande zote gari likiwa limesimama, na ukalainika ukiongeza mafuta, mashaka yako yawe kwenye mkanda au kwenye pampu iliyochoka, ambayo haisukumi vya kutosha kwenye mzunguko mdogo wa injini. Uliza pia kama kuna aliyefunga puli nyepesi ya krenki, shafti kuu ya injini inayozungusha mikanda. Zile zenye kipenyo cha asili hazina neno, lakini zile ndogo kuliko ya kiwandani huzungusha pampu polepole, na kwenye foleni ya Thika Road utaihisi kila mita.

Ukiwa mzito kulia tu au kushoto tu, achana na pampu kabisa. Pampu haijui kulia wala kushoto; inayogawa presha pande mbili ni valvu ya raki. Ukiwa mzito kwa kushtuka, unakaza, unaachia, unakaza tena katika kila mzunguko, tazama krosi (kiungo kinachopinda) ya shafti ya usukani karibu na sakafu, mara nyingi imeota kutu. Usukani usiorudi wenyewe baada ya kona nao hutokana na krosi hiyo, boljoint zilizokauka, au alaimenti.

Injini inayotetemeka au kuzima ukikata usukani kwenye maegesho ni habari nyingine. Kuna swichi ya presha inayoiambia kompyuta ya injini kwamba pampu imebebeshwa mzigo, iongeze mzunguko kidogo. Waya wake ukikatika, au valvu ya hewa ya mzunguko mdogo ikijaa masizi, injini inashtukizwa. Nimeona mtu akinunua pampu kwa ajili ya waya.

Kuna na ule uzito unaokuja ghafla ukikata haraka tu, labda kwenye raundi abauti ukiwa na haraka, kisha unaondoka. Raki imedai oili nyingi kuliko pampu inayoweza kuleta kwa wakati huo. Inawezekana pampu imelika. Lakini kama gari lilibadilishwa raki likafungwa ya haraka kutoka STI, Impreza kali kuliko WRX, huku pampu ikibaki ile dhaifu iliyokuwemo, hakuna kilichoharibika: vitu viwili havikuchumbiana vizuri.

Kipimo kinachomaliza ubishi

Ukifika hapa bado una shaka, tafuta gereji yenye geji ya presha ya stelingi. Inafungwa kati ya pampu na hozi ya presha, nayo ina valvu yake. Oili ikiwa na moto na injini ikizunguka taratibu, valvu inafungwa kwa muda usiozidi sekunde 5, na geji inasomwa. Magari mengi madogo hufika kati ya bar 70 na 100. Kiwango cha gari lako kimo kwenye kitabu chake cha matengenezo. Ikisoma chini sana, pampu au valvu yake ya usalama imechoka. Kisha valvu inaachwa wazi na usukani unakatwa mpaka mwisho. Ikiwa ilisoma vizuri ilipofungwa lakini sasa inasoma chini, oili inapita ndani ya raki bila kufanya kazi. Malipo ya kipimo hiki ni madogo ukiyalinganisha na pampu isiyohitajika. Fundi anayekataa kupima huku akisisitiza kuuza, mshukuru kwa muda wake.

Sasa, ikiwa kweli ni pampu

Ile yako inaweza kufufuliwa. Ikiwa inavuja tu na presha yake ni nzuri, seti ya sili na beringi vinatosha. Ikifunguliwa, tazama ndani ya ile pete ya umbo la yai: ikiwa laini, jenga. Ikiwa na mawimbi unayoyahisi kwa ukucha, iache.

Ex-Japan ndiyo njia ya wengi, Kirinyaga Road hapa, Gerezani kwa wenzetu wa Dar, au mzigo unaopitia Sharjah. Sizibezi, mojawapo ya zangu mbili inaendelea kufanya kazi mpaka leo baada ya kuwekewa oringi. Ila kumbuka umri wake ni sawa na wa ile unayoitoa. Zungusha puli kwa mkono: iende kwa uzito unaolingana, bila kukwama wala kucheza kando. Ingiza kidole safi kwenye mdomo wa kuvuta ukitoe. Oili inayometa au kutu inamaanisha irudi rafuni. Iliyokaa kaunta midomo wazi imekusanya vumbi la mtaa mzima. Na mipira yote inayofikika ibadilishe kabla haijafungwa.

Ya kiwandani mpya ni ghali na haina hadithi nyingi. Zilizojengwa upya zinategemea aliyezijenga, kwa hiyo nunua kwa anayetoa dhamana ya maandishi. Mpya za bei ya kutupa ndizo ninazoziogopa zaidi: kwa macho zinang'aa kuliko zote, lakini springi ya valvu ya mtiririko, inayopima kiasi cha oili, hakuna mtu anayeiona.

Na hiyo valvu ndiyo moyo wa uchaguzi kwa gari la kuendesha kila siku. Pampu mbili zinaweza kufanana bolti kwa bolti na bado zikapitisha kiasi tofauti cha oili. Ikizidi, usukani unakuwa mwepesi kama wa mchezo wa kompyuta, na kwenye kilomita 110 kwa saa hujui tairi zinafanya nini. Ikipungua, unakabwa kwenye kona za haraka. Kwa hiyo usinunue kwa jina "ya Subaru". Beba namba ya chasisi na kodi ya modeli kutoka kwenye kibati cha gari, ujue raki iliyofungwa ni ya gari gani, kisha linganisha pampu mbili zikiwa mezani: kipenyo cha puli, idadi ya mifereji ya mkanda, umbali wa puli kutoka kwenye mwili wa pampu, mahali pa midomo ya hozi, soketi ya swichi ya presha. Puli ikitofautiana milimita chache, mkanda utajila. Ya Forester isiyo na turbo huweza kukaa kwenye WRX; kukaa si kufaa.

Pampu za mashindano ziachie mashindano. Zinatengenezwa kwa injini inayoishi juu ya mizunguko 5,000 kwa dakika, na wewe unaishi kwenye foleni karibu na 700. Ikiwa unapenda siku moja moja ya kukimbiza gari uwanjani na oili imewahi kukuchemkia ikamwagika, pampu ya kawaida pamoja na kipozeo kidogo kwenye njia ya kurudi kitakufaa zaidi.

Kuifunga isife

Pampu inayokufa kwa kumeta fedha imeshatawanya chuma mfumo mzima. Ukifunga mpya bila kuosha, umeilisha sumu. Chomoa hozi ya kurudi, elekeza kwenye chupa tupu, ziba mdomo uliobaki wazi, inua magurudumu ya mbele, weka stendi imara. Msaidizi akate usukani huku na huku injini ikiwa imezimwa, nawe ukiongeza oili mpya mpaka inayotoka iwe safi. Mfumo wenyewe unabeba chini ya lita moja, lakini nunua lita mbili. Subaru hizi zinatumia ATF, oili ya giaboksi za otomatiki, ya aina ya Dexron III. Usiihamishie kanuni hiyo kwenye Honda, ina oili yake maalumu, na ATF huharibu sili zake.

Puli iliyobanwa kwenye shafti huvutwa kwa kifaa chake. Nyundo husukuma shafti ndani, nayo pampu inaumia kabla haijaonja oili.

Kisha toa hewa. Magurudumu yakiwa bado juu na injini imezimwa, kata usukani mwisho hadi mwisho polepole, mara 20 au zaidi, ukijaza chupa kila inaposhuka. Ndipo uwashe, ukate tena mara chache bila kushikilia mwisho. Povu likionekana, zima, subiri nusu saa lipande, urudie. Mafundi wenye haraka huwasha kwanza, wakaipiga oili mapovu, kisha wanakwambia pampu mpya "bado inazoea".

Shusha gari, endesha wiki moja, kaza mkanda tena kama umelegea, angalia kiwango injini ikiwa baridi. Na asubuhi ya kwanza ya baridi, zima redio kabla ya kuwasha gari.